Kohozi la Mama Mkwe

Kopo lenyewe lilikuwa dogo, la plastiki, lenye mfuniko mwekundu, na Nice aliliweka mezani mbele ya mama yake kwa adabu zote, kama anayemwekea mgeni soda. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa saba, ile saa ambayo Kikatiti nzima inakuwa ndani ya ukungu na vumbi kwa pamoja. Malori ya Moshi yalikuwa yakipita barabarani bila kuonekana, yakisikika tu, na Mlima Meru ulikuwa haujaamka.

"Mama, kesho ukiamka tu, kabla hujanywa chochote, ukohoe humu," alisema Nice. "Lakini liwe kohozi, mama. Siyo mate."

Anaeli alilitazama lile kopo bila kuligusa. "Halafu anapewa nani?"

"Ludo atalipeleka maabara."

"Ludo gani?"

"Jamani, mama! Ludo mume wangu. Kwani kuna mwingine?"

"Basi liondoe."

Nice aliketi. Alikuwa mwalimu wa darasa la pili, amezoea watoto wasiotaka kufungua vinywa, lakini huyu alikuwa na miaka sitini na minne na alikuwa amemzaa yeye. "Mama, ni kazi yake. Kila siku anatazama makohozi ya watu."

"Ya watu, ndiyo. Mimi siyo watu. Mimi ni mama wa mke wake. Leo nimtemee mkwe wangu kohozi, kesho nitamtazamaje?"

Na ukweli ni kwamba hata bila kohozi alikuwa hamtazami. Anaeli alikuwa ameteremshwa kutoka kule juu mlimani kwenye migomba wiki mbili zilizopita, kwa sababu ya kikohozi kilichomkalia miezi mitatu, na tangu afike alikuwa akiishi nyumbani kwa mkwe wake kama anayepita. Alikula na mjukuu wake, Catherine, jikoni. Akimsikia Ludovick ukumbini, alijifunika kitenge kichwani na kutokea mlango wa nyuma. Ndivyo mama yake mzazi alivyoishi na wakwe zake wa kiume, na mama yake hakuwahi kuaibika hata siku moja. Ludovick ni Mchaga wa Rombo, hakulelewa hivyo, lakini mtu muungwana hujifunza. Kila jioni alipofika getini alikohoa mara mbili, kwa nguvu, ili mama mkwe apate muda wa kusogea. Kwa hiyo katika nyumba ile mtu mwenye kifua kizima ndiye aliyekohoa kwa sauti, na mgonjwa alikohoa ndani ya kitenge, kimyakimya, akameza.

*

Jioni ile Ludovick hakumsemesha mama mkwe. Alimwita Catherine, mwenye miaka minne, akampakata ukumbini, akaanza kuongea kwa sauti ya kutosha mtu aliye jikoni.

"Cathe, unajua kamasi ni la nini?"

"La kupenga."

"Ni la kunasa vumbi. Kuanzia puani mpaka ndani kabisa ya kifua kuna ute, laini, unateleza. Vumbi likiingia linanasa pale. Vijidudu navyo vinanasa pale. Halafu kuna vinywele vidogo sana, huwezi kuviona, vinausukuma ule ute kwenda juu. Polepole. Mchana na usiku, hata ukilala, hata ukiwa umekasirika. Ukifika kooni unaumeza au unautema."

"Na tumboni upo?"

"Upo. Bila huo, tindikali ya tumbo ingekula tumbo lenyewe."

"Kwa hiyo siyo uchafu?"

"Siyo uchafu. Ni mfagizi. Ukiugua, ndio anayekuja kukuambia ndani kuna nini. Sasa asiposikilizwa, mtu atatibiwa vipi?"

Anaeli alikuwa ameshika mwiko juu ya sufuria, hakorogi. Alisikia yote. Moyo ulimjaa, mwanamume gani mwingine angejisumbua hivyo, kumfundisha mtoto mdogo ili mtu mzima asione haya? Alimpenda mkwe wake kwa dhati. Hapo ndipo shida yenyewe ilipokuwa, maana mtu asiyempenda angemtemea bila wasiwasi.

Alfajiri alijaribu. Alisimama nyuma ya nyumba, kwenye ule ukungu mweupe unaofanya hata kamba ya nguo ionekane inaning'inia hewani, akafungua mfuniko. Kifua kilikuwa kimejaa. Alilisikia kohozi likipanda lenyewe, zito, tayari. Akamwona akilini Ludovick akiliinamia na miwani yake. Akameza, akatema mate kidogo, akafunga.

Mchana Nice alirudi na kopo jingine. "Amesema ni maji matupu, mama. Amekuomba ujaribu tena."

Amesema. Kumbe ameyatazama hata mate. Anaeli alijisikia kama aliyekutwa bafuni.

*

Naipanoi alikuja na maziwa siku iliyofuata, saa moja asubuhi kama kawaida yake, na mwanawe mgongoni. Alitoka upande wa chini wa barabara, kuelekea mbugani, mwendo wa saa nzima. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili hivi, mwembamba, mcheshi, na katika nyumba ile ndiye pekee aliyeketi na Anaeli bila kumuuliza habari za kifua. Wao walizungumza habari za ng'ombe, za mvua, na za Lekishon, yule mtoto wa miezi saba, ambaye siku hizi alikuwa mwepesi kuliko alivyokuwa wiki mbili zilizopita.

Asubuhi ile Naipanoi alimimina maziwa, akakohoa, akageuza uso pembeni, akatema kwenye majani na kufukia kwa kisigino. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama watu wote wafanyavyo.

"Wewe nawe unakohoa," alisema Anaeli.

"Vumbi, koko," alijibu, akimwita bibi kwa Kimaasai. "Tangu mvua ikatike. Huku kwetu nani hakohoi?"

Anaeli alilitazama kopo lililokuwa juu ya tofali. Wazo lilimjia likiwa limekamilika, zuri, jepesi, na kwa jinsi alivyolipokea mtu angedhani limeshuka na ukungu. Msichana ana nguvu. Anabeba lita kumi na mtoto juu, anatembea saa nzima. Kifua chake kina vumbi tu. Mkwe atatazama kohozi la mtu asiyemhusu, atasema hakuna kitu, kopo litaondoka nyumbani, na yeye atarudi kwenye migomba yake akanywe tangawizi.

"Naipanoi, mwanangu, nisaidie jambo la kipuuzi."

Alipoelezwa, Naipanoi alicheka mpaka mtoto akaamka. "Hilo tu, koko? Lete." Akakohoa kutoka chini kabisa, mara mbili, akatema, akafunga mfuniko kwa kiganja. "Mengine yakihitajika, yapo."

Nice alipoliona alifurahi. "Umeona, mama? Haikuwa vigumu."

*

Siku iliyofuata Ludovick alirudi nyumbani mchana, na getini hakukohoa. Anaeli alikuwa ameketi kwenye kigoda, mgongo ukutani, katika usingizi mwepesi wa jua la saa saba. Alikuwa akiota kifua chake mwenyewe. Kilikuwa shamba la kule juu, lenye kijito kinachopanda mlima badala ya kushuka, na wanawake wengi wadogo wadogo wakifagia maji kwenda juu, wakiimba. Alipofumbua macho mkwe wake alikuwa amesimama hatua nne mbele yake, na yeye hana kitenge kichwani.

Ludovick aligeuka haraka akaingia ndani. Kisha Anaeli akasikia kilio cha binti yake.

Kifua kikuu. Nice aliyasema maneno hayo kwa uso wa kialimu, akieleza kwamba kinapona, dawa ni bure, ni miezi sita tu, kwamba atamsimamia mwenyewe kila asubuhi. Lakini jioni ile kikombe cha Anaeli kiliwekwa peke yake juu ya kabati, na Catherine, aliyekuwa akilala na bibi yake, alihamishiwa chumba cha wazazi na godoro lake. Catherine naye alianzishiwa vidonge vya kinga. Baba yake alivisaga kwa kijiko, akavichanganya na maji, na mtoto alivinywa akilia, akiuliza amekosa nini.

Anaeli hakujibu kitu. Watu walidhani ni mshtuko, na kweli ulikuwa mshtuko, ila siyo ule waliodhani. Ugonjwa huu una mwenyewe. Mwenyewe yuko mbugani sasa hivi, anakamua, mtoto mgongoni, anatema na kufukia. Kusema "si langu" ni kumwambia mkwe kwamba mama wa mke wako ni mwongo, amekudanganya wewe na kazi yako na mashine zako. Kunyamaza ni kumwacha msichana afe na mwanawe. Alikaa katikati ya mambo hayo mawili siku nzima, na mlima ulikaa mbele yake nao, kilele nje ya mawingu, miguu haipo.

Kesho yake alipata njia ya tatu, na masikini, aliiona nzuri. Nice alipompa vidonge alivitia mdomoni, akanywa maji, akaonyesha ulimi. Alijua kuficha vitu kooni; alikuwa na mazoezi ya miaka. Naipanoi alipokuja, alimpa vile vidonge vikiwa vimefungwa kwenye kipande cha karatasi.

"Dawa ya kifua. Nimeandikiwa nyingi mno. Meza mbele yangu."

"Na wewe, koko?"

"Mimi nimeshameza vyangu."

Siku nne zilikwenda hivyo. Nice akauliza, "Mama, mkojo umekuwa mwekundu? Ludo anasema usiogope, ni dawa." Anaeli akajibu ndiyo, umekuwa. Siku ya tano Naipanoi alifika na macho yaliyomtoka.

"Koko, umenipa nini? Nakojoa damu!"

"Siyo damu, mwanangu. Ni dawa tu."

"Ulisema ni ya kifua. Kifua na mkojo wapi na wapi? Mama mkwe wangu kaniuliza nimelishwa nini na watu wa barabarani." Alimimina maziwa kwa haraka, mengine yakamwagika. Hakuketi. Kesho yake hakuja, wala siku iliyofuata. Nice alianza kununua maziwa dukani.

Siku ya nane mwanamke mwingine wa upande wa chini alipita na mbuzi, na Anaeli akamwita kutoka pale alipoketi ukutani. "Naipanoi yupo?" Yupo, alisema yule mama. Ila mtoto amegoma ziwa. Siku ya pili leo, hanyonyi.

Anaeli alisimama na kwenda kuchukua viatu.

*

Maabara ya kituo cha afya ilikuwa na dirisha dogo lenye wavu uliokatwa chini, pa kupitishia makopo. Watu saba walikuwa wamepanga foleni. Anaeli alisimama nyuma yao na kitenge kichwani, na kila mtu alivyosogea naye alisogea. Angeweza kumngoja Nice atoke shule amsemee. Angeweza kurudi.

Mkono wa Ludovick ulitokea dirishani, ukingoja karatasi. Macho yake yalikuwa kwenye daftari. "Jina?"

"Anaeli."

Kalamu ilianguka. Akasimama, akagonga kichwa kwenye rafu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lile kopo halikuwa langu."

"Kopo gani, mama?"

"La kwanza ni mate yangu. La pili ni la Naipanoi, anayetuletea maziwa. Nilimwomba akohoe badala yangu. Vidonge nilimpa yeye siku nne, akaona mkojo mwekundu, akakimbia. Sasa mtoto wake hanyonyi." Aliyasema yote kwa pumzi moja, akitazama ule wavu. Nyuma yake foleni ya waliofika baadaye ilikuwa imesogea karibu, isikose neno.

Ludovick alikasirika. Tusimfanye malaika; alikasirika mpaka masikio yakawa ya moto. Aliliona jina lililoandikwa kimakosa kwenye daftari kwa mkono wake, barua atakayotakiwa kuiandika kwa mganga mfawidhi wa kituo, na mwanawe aliyeshikwa pua kila asubuhi amezeshwe vidonge. Alitoka nje kwa mlango wa pembeni, akasimama mbele ya mama mkwe.

"Mama, kwa nini?"

"Ningekupaje wewe?"

Hapo alishindwa kuendelea kukasirika. Alimjua mama huyu kwa mgongo tu, akitokea mlango wa nyuma, na leo ametembea kilomita mbili juani kuja kujivua nguo mbele ya foleni. Alirudi ndani akatoka na kopo jipya.

"Nenda pale nje, mama, penye upepo. Mimi nitageuka."

"Usigeuke," alisema Anaeli. "Tazama. Usije ukaambiwa tena siyo langu."

Akashusha kitenge mabegani, akainama, mikono magotini, akakohoa. Halikuja. Akakohoa tena, kutoka mahali ambapo hakuwahi kuruhusu sauti itoke mbele ya mtu, na kifua kikatii, kikalipandisha, zito, la kijivu. Akalitema koponi. Machozi yalikuwa yakimtoka na kamasi pia, akayafuta yote kwa mkono mmoja. Ludovick alilipokea kopo, lenye joto bado, kwa mikono miwili.

Alikwenda kuliweka panapostahili, akanawa, akarudi na funguo za pikipiki ya kituo. "Kwake ni wapi?"

"Sijui kueleza. Niliwahi kumsindikiza mara moja. Nikiona njia nitaijua."

Wote wawili waliitazama ile pikipiki. Ilikuwa moja tu. Anaeli alipanda, akakaa upande, akashika chuma cha nyuma. Kwenye tuta la kwanza alikaribia kuanguka.

"Mama, nishike mimi," alisema Ludovick mbele, bila kugeuka.

Akamshika kiunoni. Akina mama wa sokoni waliacha kupanga nyanya. Barabara ya lami ikaisha, vumbi likaanza, laini, jeupe kama unga, likawafunika pande zote mpaka ikawa kama hawasogei, kama nchi ndiyo inayopita chini yao polepole, migunga, kichuguu, punda wawili waliolala wamesimama. Anaeli alilisikia vumbi puani na kooni. Akawaza wale wafagizi wadogo na kazi waliyopata leo.

*

Naipanoi alikuwa mlangoni. Alipoona shati jeupe la mtu wa kituo, alimkumbatia mtoto, akarudi nyuma.

"Koko, umeniletea serikali?"

"Nimekuletea mkwe wangu. Kaa chini unisikilize. Lile kohozi lako limekutwa na ugonjwa. Wako, siyo wangu. Vile vidonge vilikuwa vyako, na mkojo mwekundu ni rangi ya dawa. Mimi ndiye niliyeficha. Unitukane, halafu twende."

Naipanoi hakutukana. Alikuwa amechoka mno. Alimtoa mtoto kwenye shuka, akamwekea ziwa ili wamwone wenyewe. Lekishon alilishika, akavuta mara moja, akaliachia akitapatapa, uso umemwiva, akalia kilio kilichoziba. Akashika tena. Akaachia tena.

"Mnaona? Amenikataa. Wanasema maziwa yangu yameingia sumu ya vile vidonge."

"Hajakukataa," alisema Anaeli. "Hana pumzi. Lete."

Akampokea, akamlaza mapajani. Matundu yote mawili ya pua yalikuwa yamezibwa na kamasi zito, limekauka juu, na mtoto mchanga akiwa na ziwa mdomoni hana mahali pengine pa kuvuta hewa. Ludovick alianza kusema, "Mama, ngoja, kituoni kuna kifaa, na pia si salama," lakini Anaeli alikuwa ameshalowesha pua ile kwa tone la maziwa ya Naipanoi na kuinama. Aliifunika kwa mdomo wake, akavuta, akageuka, akatema chini, hatua moja kutoka viatu vya mkwe wake. Akainama tena. Akavuta, akatema. Mtoto alipiga kelele, kelele safi sasa, yenye tundu, akavuta hewa ndefu hadi mbavu zikaonekana.

Naipanoi alimchukua. Safari hii Lekishon alishika na hakuachia. Wote watatu walisimama wakimsikiliza akimeza.

"Mkinipeleka huko," alisema Naipanoi, "na yeye mtamtazama?"

"Na yeye kwanza," alisema Ludovick. "Na mume wako, na mama mkwe wako. Wote."

"Nisubirini nifunge mlango."

Alipoingia ndani, Anaeli alibaki amesimama na mdomo uliolowa na kitenge kikiwa mabegani, hajui ageukie wapi. Ludovick alitoa kitambaa mfukoni, kilichopigwa pasi na Nice, akampa. Anaeli alijifuta mdomo, na kidevu, na pua, kisha akabaki amekikunja kiganjani, akitafuta mahali pa kukificha. Mkwe wake alinyoosha mkono. Alingoja. Mwishowe Anaeli alimpa, na Ludovick, ambaye kati ya watu wote pale ndiye aliyejua hasa kilichokuwa ndani ya kitambaa kile, alikikunja mara mbili akakirudisha mfukoni, kisha akaenda kuigeuza pikipiki.